Kitambaa cha Treni cha Mama

Jumatatu, 5 Februari 2024

Keateka, mwangalizi wa ploti ninayopanga, amebisha asubuhi na suti nyeupe. Ya harusi ya mdogo wake, imemwagikiwa supu ya mbuzi kifuani. Ati nimsaidie, si mimi hufua nguo za serikali? Nimemweleza tena — mara ya nne tangu nihamie mtaa wa Pipeline — kwamba mimi sifui. Mimi ni mhifadhi wa nguo za kale kwenye makumbusho. Kazi yangu ni kuzuia nguo isife kabla ya wakati wake. Amenitazama kwa huruma. Kumbe huko hawawapi hata sabuni?

Doa nimelitoa. Wenzangu kazini wasijue kamwe.

Leo Idil, msimamizi wetu wa maonyesho, ametangaza jambo jipya. Maonyesho ya vitambaa vya viti na meza kutoka nyumba za Eastlands. Jina: Mikono ya Mama. Yanafunguliwa Jumamosi tarehe 9 Machi, siku moja baada ya Siku ya Wanawake. Nimefurahi kweli. Nani hakulelewa chini ya vitambaa? Juu ya sofa, juu ya redio, juu ya kitambaa kingine. Mgeni akija vinafuliwa, akiondoka vinahesabiwa.

Halafu mdomo wangu huu! Nimesema mbele ya kila mtu kwamba mama yangu ana kitambaa cha meza chenye treni nzima, alichokishona mwenyewe mwaka wa 1981. Idil amefumba macho kama mtu aliyeonja asali. Hicho ndicho kitakachokaa katikati ya ukumbi, amesema.

Hata sijamwomba mama bado.

Jumamosi, 10 Februari

Makongeni, kwa wazazi. Sikuhitaji kumwomba mama. Alikuwa ameshakitoa sandukuni, amekitandaza mezani, na amevaa rinda la kanisa.

Nimekiona maisha yangu yote, lakini leo nimekiangalia. Treni ya mizigo, mabehewa kumi na moja, inapanda mlima. Twiga wawili. Na moshi — moshi unaanza mweusi, unakuwa kijivu, unaisha kama pumzi. Sijui nani alimfundisha mama kushona pumzi.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na gazeti. Alikuwa gadi wa treni za mizigo, yule mtu wa behewa la mwisho mwenye bendera, na mpaka leo hukaa nyuma ya kila mazungumzo. Nikamwuliza anaonaje kitambaa kiende makumbusho. Akasema kitambaa ni cha mamako.

Mama akanipa historia, kama kwamba siijui. Alikuwa bibi harusi mpya. Chama cha akina mama kanisani kilikuwa na mashindano. Akashinda wa kwanza, akapewa sufuria sita na kifuniko kimoja. Tangu siku ile ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kushona. Miaka arobaini na mitatu! Hajawahi kupingwa.

Nikitoka nikaitwa na Mama Winny. Ni Kezia, jirani wa ukuta mmoja na mama tangu kabla sijazaliwa. Mwaka ule wa 1981 yeye alikuwa wa pili, na kitambaa chake cha tausi. Tausi huyo amenipa pia, amemfunga kwenye mfuko wa unga. Kazi safi kabisa, mshono kama umepigwa rula.

Akaniambia polepole, mlango ukiwa nusu: nikiandika jina chini ya kile cha treni, nifikirie kwanza. Nikamwuliza nifikirie nini. "Wewe si ndiye umesoma vitambaa? Kisome."

Jumatatu, 12 Februari

Vitambaa vyote vimeingia friza ya kazini, wiki nzima, ili wadudu na mayai yao wafe. Kosa langu ni kumwambia mama kwa simu. "Umekiweka na samaki?" Hapana mama, ni friza ya vitambaa tu. "Hata kuku?" Hata kuku.

Amepiga tena jioni kuuliza kama kinahisi baridi.

Jumanne, 20 Februari

Leo nimekisoma.

Kwanza mbele, kupitia wavu, na mashine ndogo ya kufyonza vumbi. Halafu pamba yenye unyevu kwenye kila rangi, nione kama inatoka. Nyekundu inatoka kidogo, zingine zimetulia. Kwa hiyo hakuna kuosha. Halafu nikakigeuza.

Upande wa mbele wa kitambaa ni hotuba. Upande wa nyuma ndiko mtu anakoishi. Kuna mafundo, njia za mkato, mahali alipochoka. Huyu hakuchoka. Nyuma ni safi karibu kama mbele. Mabehewa yameunganishwa na vyuma vilivyochorwa sawasawa, kila kulabu mahali pake. Pembeni kuna alama ya kidole gumba, ya grisi.

Na mshono wote umelala upande usio wake. Mshonaji wa mkono wa kulia nyuzi zake huinama upande mmoja. Hizi zinainama upande mwingine, kuanzia twiga wa kwanza mpaka moshi. Nimeweka lenzi mara tatu. Nimelinganisha na tausi wa Mama Winny. Ni kama mtu na sura yake kwenye kioo.

Aliyeshona hiki anatumia mkono wa kushoto.

Mama ni wa kulia. Husonga ugali kwa kulia, hupiga simu kwa kulia, na utotoni alinipiga kwa kulia — huo ninaujua bila lenzi.

Jumatano, 21 Februari

Idil anataka video. Dakika moja tu, mikono ya mama ikishona, iwe inaonyeshwa kwenye skrini kando ya kitambaa. Nikasema mama ana macho mabaya. Akasema mikono, Nthenya, sio macho.

Nimempigia mama. Kwanza kiwiko kinamwuma. Halafu sindano imepotea. Halafu kesho ni mkutano, keshokutwa ni kesha, na Jumapili ni siku ya Bwana. Nikamwambia nitakuja Jumapili baada ya ibada, Bwana atatusamehe. Akasema basi nije na sindano yangu.

Jumapili, 25 Februari

Nimefika saa tisa na kitambaa kipya, nyuzi, sindano na simu. Mama amekaa mezani kama mtu anayengoja kupimwa shinikizo la damu. Nimeelekeza simu kwenye mikono tu. Nikasema tuanze na shina, ua dogo tu.

Dakika tano kupitisha uzi kwenye sindano. Halafu akachoma kitambaa. Halafu akachoma kidole. Halafu akashona — aiya! — kitambaa pamoja na rinda lake. Mwenyekiti wa kikundi cha kushona! Ndipo nikakumbuka kwamba sijawahi, tangu nizaliwe, kumwona mama ameshika sindano. Humwona akisimamia. Huzunguka nyuma ya wenzake akisema vuta, legeza, hapo fumua. Mama hushona kwa mdomo. Nami ndiye mtaalamu!

Kutoka dirishani nikasikia gazeti likikunjwa.

"Geuza sindano, Muthoki."

Mama akageuza.

"Si hivyo. Legeza uzi. Unaunyonga."

Akanyonga zaidi. Baba akainuka. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akiinuka haraka hivyo. Akachukua kitambaa mikononi mwake, akauachanisha uzi na rinda kwa uangalifu kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto, akaketi, akaanza. Mkono wa kushoto. Shina, jani, jani, ua. Bila miwani. Mwaka huu anatimiza sabini na tano.

Mama alitazama ukuta, ule wa Mama Winny, kama kwamba ukuta una masikio — na unayo.

Nilipomaliza kulia nikakuta simu bado inarekodi. Dakika nne na sekunde kumi, tangu nilipoibonyeza baba alipoketi.

Jumatatu, 26 Februari

Sikumwonyesha Idil video. Ameichukua simu yangu mwenyewe kutafuta picha za tausi, akaikuta. Ametazama yote bila kupepesa.

"Mikono ya mamako ni mikubwa."

Nikasema ni kazi za shamba.

"Ana nywele vidoleni."

Nikasema sisi ni watu wa ukoo wa nywele.

Akarudisha simu taratibu. Ameniambia ana wiki moja kabla lebo hazijachapishwa, na kwamba maonyesho yanaitwa Mikono ya Mama, na kwamba yeye anapenda sana kulala bila wasiwasi.

Jumamosi, 2 Machi

Nimekaa na baba nje, kwenye ngazi. Mama alikuwa ndani akiosha sufuria safi.

Nimemwuliza moja kwa moja. Akafikiri kama anayengoja ishara kabla ya kuinua bendera. Halafu akasema yote, polepole, bila mapambo.

Treni ya mizigo hungoja. Kituo hakina hata mbuzi, na mnakaa saa nne, saa tano, mpishane na treni nyingine. Wenzake walicheza karata. Baba yake, yaani babu yangu wa Wamunyu, alikuwa mchonga vinyago, kwa hiyo mikono ilimwasha. Akajaribu kuchonga. Maganda ya mbao yakajaa behewa, akaandikiwa barua ya onyo. Uzi hauachi maganda, akasema. Na mkubwa akipita ghafla, unasema unashona bendera. Bendera za gadi huraruka kila siku, nani atabisha?

Nikamwuliza alifundishwa na nani.

"Nilichukua kitambaa cha dada yangu, nikakigeuza. Nikakisoma kwa nyuma mpaka nikaelewa."

Nikakosa pa kutazama. Nimesoma miaka mitano, nimepita mitihani, nimepewa lenzi na glavu, ili nifanye kitu ambacho baba alijifunzia kwenye reli peke yake. Na hakuwahi kuniambia! Nilipoajiriwa alisema tu, kazi nzuri, haina mvua.

Hicho cha treni alimshonea mama, zawadi ya mwaka wa kwanza wa ndoa. Alimaliza usiku wa kuamkia mashindano, bila kujua kuna mashindano. Aliporudi safari iliyofuata akakuta sufuria sita na mke mwenyekiti.

Mama akatoka na kitambaa cha vyombo begani. Alikuwa amesikia. Akasema kwamba wale akina mama walikuwa wanamcheka, msichana wa Machakos asiyejua hata kushona kifungo. Akasema hakuna aliyemwuliza kama ameshona yeye. Alikiweka tu mezani, wakapiga makofi. "Na uongo ukishapigiwa makofi, Nthenya, unahamia kwako na mizigo yake."

Nikawaambia naomba niandike ukweli. Wote wawili wakasema hapana, pamoja, kwa sauti moja, jambo ambalo sijalisikia nyumba ile tangu nizaliwe. Baba ni mzee wa kanisa, nani hatamcheka baadaye? Mama ana kikundi. Andika jina la mamako, amesema baba. Ni chake. Nilimpa.

Nikitoka, Mama Winny alikuwa mlangoni, kama ilivyo kawaida. Ameniambia wazi sasa. Amejua tangu zamani kwamba mama hakukishona kile. Anaamini mama alikinunua dukani mjini, akamdanganya Mungu na kanisa. Siku ya ufunguzi, mbele ya kikundi chote, atauliza swali moja tu. Moja. Asipojibiwa, basi.

Nikasema, kwa nini sasa, Mama Winny, baada ya miaka hii yote?

"Kwa sababu tausi wangu mtamweka ukutani kando yake. Na mimi nina sabini. Nataka kujua nilishindwa na nani."

Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ningependa iwepo, ingekuwa rahisi.

Jumanne, 5 Machi

Lebo. Nimeandika kumi na moja, nimechana kumi.

Iliyobaki inasema: Kitambaa cha meza, pamba na uzi wa kudarizi. Familia ya Mwanzia, Makongeni, 1981. Mwanzia ni baba, na ni sisi sote.

Idil ameisoma akiwa amesimama. "Familia haina mikono," amesema. Lakini ameichapisha. Nadhani ameichapisha kwa sababu alinionea huruma, kama keateka.

Mimi ni mwoga mwenye shahada. Nimekishikiza kitambaa kwenye nguo ya kukibeba, kwa uzi wa hariri mwembamba, mishono mia mbili na kumi na nane isiyoonekana. Nimekishona vizuri sana. Hiyo ndiyo kazi tuliyojifunza: kushikilia kitu kisiraruke na mtu asione tulipokishikilia.

Alhamisi, 7 Machi

Mama amepiga. Nimemwambia kuhusu swali la Mama Winny. Nilikuwa nimeshindwa kumwambia siku tano.

Ameuliza, ati nimenunua? Mimi? Dukani? Amekasirika kweli, kama kwamba huo ndio uongo wa kwanza katika hadithi hii. Duka gani lingeweza kushona moshi ule? Duka gani? Amesema mengi juu ya Kezia na miwani yake. Halafu akasema kwa sauti ndogo: sasa nikisema sikununua, ataniambia nishone.

Nikasema ndiyo mama.

Baba atabaki nyumbani Jumamosi. Amesema kuna mtu lazima alinde nyumba. Nyumba ya vyumba viwili, na jirani asiyelala.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa kwenye chumba changu cha kazi, mlango wazi, kwenye upande wa nyuma wa karatasi ya programu ya leo. Ukumbi naona wote kutoka hapa. Nimeingia kutafuta glavu, nimeshindwa kutoka.

Kikundi cha mama kimekuja chote, wanawake kumi na sita, vitambaa vya kichwa vya bluu. Mama mbele. Amevaa viatu vipya vinavyombana na ameshikilia mkoba kifuani kwa mikono yote miwili, kama mtu aliye kituoni. Wamezunguka ukumbi wakicheka, wakitambua vitambaa vya nyumba walikofanya kazi za harusi na matanga. Mbele ya treni wakasimama. Kinapendeza sana chini ya taa! Hata mimi nilisahau.

Mama Winny akaisoma lebo kwa sauti. Familia ya Mwanzia. Akageuka. Alikuwa mpole, lazima niandike hilo. "Muthoki. Moshi huu ulishonwa vipi?"

Swali moja, kama alivyosema.

Mama akaubana mkoba. Wale kumi na watano wakamtazama, halafu wakatazama viatu vyao kwa sababu wanampenda. Nilitaka kusema mimi. Nilikuwa nimeshapiga hatua.

Halafu kutoka nyuma, kutoka mlangoni — "Ni nyuzi tatu. Unatoa moja kila baada ya mishono kumi."

Baba! Suti ya kijivu, kofia mkononi. Nani analinda nyumba, sijui. Akapita katikati ya wanawake wale wote akisema samahani, samahani, kama anayetafuta kiti. Akasimama mbele ya kitambaa chake. Alikuwa hajakiona kikiwa kimetundikwa. Kidole cha mkono wa kushoto kikainuka chenyewe hewani, hakikugusa, kikafuata moshi kuanzia chini mpaka unapoisha.

"Ni mimi," akasema. Kwa kitambaa, si kwa watu. "Mama Nthenya nilimpa."

Mtu mmoja alicheka. Kicheko kifupi, cha mshtuko, kikafa peke yake. Mama Winny hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama baba kuanzia viatu mpaka kichwa kana kwamba ndio wanajuana leo, baada ya miaka ya kugongana begani kwenye bomba la maji.

"Na huu mshono wa kulabu unaitwaje?"

"Hauna jina. Niliubuni Emali. Treni ya Mombasa ilikuwa imekawia."

"Emali," akarudia Mama Winny, polepole, kama mtu anayeandika.

Wamekaa sasa kwenye benchi. Wao wawili, na wengine wamewazunguka. Mama Winny ametoa mkobani kitambaa anachokishona siku hizi, amempa sindano, amesema nionyeshe. Baba anaonyesha. Kila mshono anaulizwa, na kila swali anajibu kwa urefu, baba yangu, ambaye hadi wiki jana sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi ya pili. Idil amekuja mlangoni kwangu kuniuliza kama abadilishe lebo sasa hivi, printa iko tayari. Nimemwambia angoje kidogo.

Kwa sababu mama bado amesimama palepale. Peke yake mbele ya treni, mgongo kwetu, mkoba kifuani. Nimeshindwa kujua kama niende kwake au nimwache.

Mama Winny ameita sasa hivi, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. Amesema kitambaa hiki hakikai, huyu mzee anahitaji mtu wa kukivuta upande wa pili. "Muthoki, njoo ushike hapa."

Mama hajasogea.

Lakini mkoba ameuweka chini.